Ulimi wa Orpha

— Mama Mbombo, hii divai iko wazi tangu siku ngapi?

Mama Mbombo, mwenye nganda, baa ndogo ya meza sita katika mtaa wa Panda, alishika kiuno.

— Tangu leo asubui, tantine.

— Hapana, Mama. Ni siku ine. Na ulisimamisha chupa ku dirisha, jua ikaipika.

Watu wa meza ya jirani waliacha kutafuna bukari, ugali wao. Orpha hakuwa amepaza sauti. Aliisukuma glasi taratibu hadi katikati ya meza, akangoja. Mama Mbombo alimkazia macho, kisha akacheka mpaka mabega yakatetemeka.

— Siku ine kweli! Weye mutoto ya nani?

Akainama nyuma ya kaunta na kutoa chupa nyingine, nyekundu kutoka Afrika Kusini, ambayo glasi yake haikuzidi bei ya bia moja. Orpha alinusa. Alifumba macho. Akaonja.

— Hii njo divai, Mama. Itie mu maji ya baridi kidogo, uiuzishe na nyama ya mbuzi. Samaki ya ziwa Tshangalele itafutie nyeupe.

Upande wa pili wa meza, Georges alikuwa ameinamia simu, vidole vinakimbia.

— Rudilia kidogo, chérie. Ulisema jua ilifanya nini?

— Iliipika.

— Iliipika! Ah, Orpha, weye utaniua.

Georges alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari mjini Likasi, mwenye mshahara mwembamba na hamu nene ya kula vizuri. Alikuwa amefungua ukurasa wa Facebook alioupa jina la Meza ya Likasi, akiwaelekeza watu wa mfuko mdogo wapi pa kula na wapi pa kupata glasi ya divai ya maana bila kujitia umaskini. Mwanzoni alisomwa na wanafunzi wake tu. Kisha akampenda Orpha.

Orpha alikuwa amehudumu miaka minane katika hoteli kubwa ya Lubumbashi. Huko mkubwa wa wahudumu, mzee Tshimanga, alimfunga macho kwa kitambaa cha meza kila Jumatatu na kumpa glasi baada ya glasi, mpaka siku alipomwambia, "Sasa shina tena kitu ya kukufundisha." Kisha mama yake alipooza upande mmoja. Orpha akafunga sanduku, akarudi nyumbani Likasi, mtaa wa Kikula, akapata kazi ya kuuza mkate kwenye boulangerie ya mjini. Hakulalamika. Ila mdomo wake ulikuwa na njaa ya kazi yake ya zamani, na Jumamosi za kuonja na Georges zilimrudishia maisha.

Walizunguka hivyo mwaka mzima, Kikula, Shituru, Panda. Orpha anaonja na kusema maneno mawili, Georges anayafanya kumi. Ukurasa ukafikisha wasomaji elfu kumi na mbili. Watu wakaanza kumsimamisha Georges barabarani na kumwita Monsieur Ulimi. Orpha alitembea kando yake kichwa juu, akijivunia mwanamume wake.

Jumanne moja, simu iliita akiwa anapanga mikate. Alikuwa Glodie, rafiki yake msusi.

— Orpha, ulisikia radio?

— Radio gani? Niko ku kazi.

— Bwana yako amepita mu émission ya asubui. Nakutumia audio. Ukae kwanza, ndio usikilize.

Orpha hakukaa. Aliweka simu sikioni akiwa amesimama.

"Monsieur Georges," mtangazaji aliuliza, "hii ujuzi ya divai, nani alikufundisha?"

"Hakuna muntu," sauti ya Georges ilijibu, tamu, haina haraka. "Ni zawadi. Nilizaliwa nayo. Kwa mufano, naweza kuonja na kujua kama jua ilipika chupa."

Orpha alisikiliza mara ya pili, pengine sikio lilikosea. Halikukosea.

Mchana, akiwa nyumbani, alipiga simu, akaiweka kwenye spika.

— Georges, ulizaliwa na ulimi?



— Chérie, sikiliza. Ile ni radio tu. Bantu banapenda...

— Nimeuliza kitu moja.

— Nilikukinga, Orpha! Unajua batu ba hapa. Mwanamuke anayejua divai, batasema ni mulevi. Na mama yako ni muntu ya maombi. Angesikia jina yako ku radio na divai, angepata haya.

— Nani alikuomba kunikinga?

— Orpha...

— Ungesema tu "kuna muntu." Hata jina sikukuomba. Ungesema "kuna muntu." Ukasema "hakuna."

Akakata. Kutoka uani, sauti nzito, yenye kujivuta tangu ugonjwa, ilimwita. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake, Biblia magotini.

— Orpha. Nani alimwambia minye naona haya?

— Mama, achana naye.

— Divai shijaikunywa hata siku moja. Lakini ile kazi yako ya Lubumbashi njo ilinilipia dawa. Njo ilimaliza masomo ya wadogo yako. Nitaona haya ya nini? — Alipumzika, akakusanya pumzi. — Kama ule kijana ana haya, ni ya kwake. Asinitwike minye.

Orpha alipiga magoti, akaegemeza kichwa kwenye paja la mama yake. Alilia kidogo tu. Alipoinuka, alikuwa amekwisha kuamua. Jumamosi ile hakwenda. Wala iliyofuata.

Georges alituma jumbe, zikawa ndefu, zikawa fupi, zikawa za kuomba. Alhamisi ya wiki ya tatu aliandika hivi:

"Orpha wangu, nimeingia mu shida. Madame Daniella, mwenye ile hoteli mupya ya mujini, anataka nimuchagulie divai ya restaurant yake. Divai ya bei ya chini, yenye batu ba hapa banaweza. Ni dimanche saa sita, mbele ya bageni. Ataficha chupa na kitambaa. Nakuomba ukuye ukae tu karibu. Ukikohoa moja, ni nzuri. Ukikohoa mbili, ni mbaya."

Orpha alisoma, akampa Glodie asome. Glodie alicheka hadi akaangusha kitana.

— Utamujibu nini?

Orpha aliandika: "Kifua yangu iko muzima. Shikohoe."

Hakujua kwamba angekuwepo kweli siku hiyo. Jumapili ile boulangerie ilimtuma yeye mwenyewe kupeleka mikate ya karamu, maana Madame Daniella alikuwa mteja mkubwa na hakutaka mikate ifike imepondwa. Orpha aliingia ukumbini saa sita na nusu, aproni ya kazi mwilini, kikapu mikononi, akamkuta Georges amesimama mbele ya watu arobaini.

Alikuwa amevaa koti. Mezani palikuwa na glasi tano, na nyuma yake chupa tano zilizofungwa vitambaa vyeupe. Mama Mbombo naye alikuwa kati ya wageni, kitenge kipya, shingo ndefu ya kutaka kuona.

Georges alinyanyua glasi ya kwanza.

— Hii ni divai ya kifalme, — alisema. — Inaingia mu kinywa kama mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi. Tamu, pana, inatulia...

Watu walitikisa vichwa kukubali. Mtu mmoja akapiga makofi. Madame Daniella, mwanamke mfupi mwenye miwani, alichukua kalamu.

— Donc niagize hii? Katoni makumi tano?

Harufu ilikuwa imekwisha kumfikia Orpha pale mlangoni. Siki. Divai ile ilikuwa imekufa zamani. Macho ya Georges yalizunguka ukumbi, yakamkuta. Akaganda. Orpha alimtazama moja kwa moja. Hakukohoa. Hakutikisa kichwa. Alisimama tu na kikapu chake, na uso wake haukumpa neno.

Georges alishusha glasi. Jasho lilimtoka hadi kwenye kola.

— Madame, usiandike, — alisema.

— Pardon?

— Usiandike. Minye shijue kama hii divai ni nzuri. Shijue hata moja ya hizi.

Minong'ono ikapita kama upepo.

— Yale maneno yote mulisoma, kuandika njo kazi yangu. Lakini ulimi haiko yangu. Ku radio nilisema hakuna muntu alinifundisha. Nilidanganya. Muntu iko. Anaitwa Orpha. Ni ule pale ku mulango, anashika mikate.

Watu arobaini waligeuka. Mwanamume mmoja wa meza ya mbele alicheka kwa sauti.

— Muuza mikate?

— Ule mama iko na ulimi! — Mama Mbombo aliruka kutoka kitini. — Alikuya kwangu, akaniambia siku zenye chupa ilikuwa wazi. Siku ine! Hakukosea!

Madame Daniella alivua miwani.

— Mama Orpha, unaweza kutuonjea?

Orpha aliweka kikapu chini. Alipangusa unga mikononi, akatembea hadi mbele bila haraka, kama alivyotembea miaka minane kati ya meza za Lubumbashi. Kwa Georges hakuangalia.

Glasi ya kwanza aliinusa tu, akairudisha.

— Hii imekufa. Itie ku saladi.

Ya pili aliionja.

— Hii iko na sukari mingi. Bantu batapenda glasi ya kwanza, ya pili itabaumiza kichwa.

Ya tatu ilimfanya atulie. Alionja tena.

— Hii ni nyepesi, ni safi. Itaenda na kuku, itaenda na majani ya sombe. Bei yake haiwezi kuwa kubwa.

Ya nne aliisifu kwa nyama ya kuchoma. Alipofika ya tano, alikunja uso. Akarudi kwenye ya tatu. Akaonja ya tano tena.

— Madame, — alisema, — glasi ya tatu na ya tano ni chupa moja.

Yule mwanamume aliyecheka alisema:

— Ah, amekosea! Chupa ni tano, kila moja na kitambaa yake.

Madame Daniella aliinuka. Akafungua kitambaa cha tatu, kisha cha tano. Lebo ilikuwa ile ile, mwaka ule ule.

— Hajakosea, — alisema. — Ni minye nilitega. Nilitaka kujua kama Monsieur Ulimi anajua kweli, ao anajua kusema tu. Na hii divai, mama, kati ya hizi zote, njo ya bei ya chini.

Makofi yalilipuka. Mama Mbombo alipiga vigelegele mpaka wapishi wakatoka jikoni kuona kuna nini. Orpha alisimama katikati ya makelele yale, mgongo umenyooka, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke Lubumbashi alihisi ametimia.

Madame Daniella alimshika mkono palepale.

— Mikate nitatafuta mwingine wa kuileta. Weye nakutaka huku. Divai yote ya hii nyumba, weye njo utachagua.

— Nitachagua ya bei yenye mwalimu na mushoferi banaweza, madame. Kama haiko vile, shikuje.

— Njo vile vile nataka.

Georges alimngoja nje, koti mkononi.

— Orpha, nisamehe.

— Ulisema kweli mbele ya batu. Aksanti. Haikuwa mwepesi, niliona.

— Donc...

— Lakini ulisema kisha ya kushindwa, Georges. Kama ile glasi ya kwanza ingekuwa nzuri, ungesema?



— Shijue, — alijibu.

— Njo hiyo. Siku utajua, utanitafuta.

Akaenda zake. Jioni ile Meza ya Likasi iliandika: "Kila divai mulisoma hapa ilionjwa na Orpha. Minye niliandika tu, na nilificha jina yake juu ya kiburi. Ku radio nilidanganya." Watu walimtukana Georges, wengine walimcheka. Hakufuta. Kisha, Jumamosi baada ya Jumamosi, alipita kila nganda waliyowahi kukaa pamoja, peke yake, akawaambia wenye nganda ukweli ana kwa ana. Aliomba kurudi radioni kusahihisha, akakataliwa, akaomba tena, akakubaliwa. Habari zote zilimfikia Orpha kupitia Glodie, kichwa kikisukwa.

— Bantu banamucheka, Orpha. Na bado anaendelea.

— Anaendelea?

— Jana alikuwa Shituru, mu mvua.

Usiku ule Orpha alimtumia Georges ujumbe wa maneno machache: "Samedi kuya kwetu. Kuya na mujomba yako."

Jumamosi Georges alifika na mjomba wake, shati jeupe. Mama yake Orpha aliwapokea uani, amekaa.

— Weye njo nani? — aliuliza, ingawa alimjua vizuri.

— Minye ni Georges, Mama. Ni mwalimu. Naandika.

— Unaandika nini?

— Naandika yenye binti yenu anaonja.

— Na kama batu batauliza nani anajua divai mu nyumba yenu?

— Nitasema ni yeye, Mama. Hata kama bananicheka.

Mama alimgeukia Orpha, naye akatikisa kichwa kukubali.

— Basi mujomba aseme yenye imemuleta, — mama alisema. — Tunasikiliza.

Walioana mwezi wa nane. Karamu ilifanyika hotelini kwa Madame Daniella, saa nane mchana, na watu wa kanisa waliwekewa juisi na soda kwa heshima, upande wao. Georges alipopewa kipaza sauti kushukuru wageni, alisema mambo mawili tu: kwamba anampenda mke wake, na kwamba divai iliyo mezani, nzuri kuliko bei yake, ilichaguliwa na Orpha.

Watu walisimama kupiga makofi. Kwenye meza ya soda, mama mmoja wa kanisa alimwinamia mama yake Orpha na kumnong'oneza:

— Mama, kumbe binti yenu anajua mambo ya divai?

Mama yake Orpha alinyoosha shingo ili meza yote isikie.

— Likasi muzima, — alisema, — hakuna anayemupita mutoto yangu.