Supu Nyeupe ya Mzazi

Usigeuze uso. Wewe unayesoma hapa, uliwahi kupita mbele ya nyumba ambamo mtoto mchanga analia kwa njaa, ukaongeza mwendo. Ukajisemea, "Ya watu hayo, hayanihusu." Kando ya ziwa, katika kijiji cha Shihe huko China, watu wazima wote walipita hivyo hivyo mbele ya nyumba ya Bibi Tao. Aliyesimama alikuwa mjukuu wake, msichana wa darasa la sita.

Jina lake Qiuyan. Kila asubuhi kabla ya shule alikuwa na kazi moja: kupika supu ya mama yake. Mama alikuwa amejifungua, na mzazi hatoki chumbani mwezi mzima, hashiki maji baridi, wala hakanyagi jikoni. Baba alikuwa mbali, kwenye ujenzi mjini. Samaki walitoka kwa Bibi Ke, mama yake Mama, aliyewatuma hai ndani ya ndoo: jiyu, samaki wadogo wapana wa ziwani. Kila mzazi wa huku hunywa supu yao, ili apate nguvu na maziwa yatoke.

Qiuyan aliijua kazi yake. Alipara magamba, akatoa matumbo bila kupasua nyongo, akakwangua ule utando mweusi wa tumboni unaonuka shombo. Akawakaanga kwenye karai kwa mafuta ya nguruwe na tangawizi, mpaka ngozi ikawa ya dhahabu pande zote mbili. Ndipo akamimina maji yanayotokota. Ukitia ya baridi, supu haiwi nyeupe. Moto ukawa mkali, karai likanguruma, na supu ikageuka nyeupe kama maziwa.

"Vizuri," alisema Bibi Tao, mama yake Baba. "Sasa sogea."

Alichukua upawa akachota supu yote nyeupe pamoja na samaki, akajaza bakuli kubwa. "Zhibo! Njoo unywe kabla haijapoa!"

Zhibo alikuwa mtoto wa baba mkubwa, akijiandaa kwa mtihani. Alikaa akaanza kunywa kwa kelele. Bibi Tao akamimina maji ya birika juu ya mikia na tangawizi zilizobaki karaini, akayachemsha kidogo.

"Hiyo ya mama yako. Peleka."

"Bibi, haya ni maji."

"Ni supu. Si imetoka karai hilo hilo?"

"Lakini mtoto analia usiku kucha. Maziwa ya Mama yanakauka."

"Angezaa mvulana, angekunywa nyeupe. Kazaa msichana wa pili, anataka karamu?" Bibi Tao akamsogelea. "Na usithubutu kumwambia. Mzazi akilia ndani ya mwezi wake, macho yanaharibika. Unataka mama yako awe kipofu kwa ajili ya mdomo wako?"

Zhibo alilamba midomo. "Kesho ongeza chumvi, mdogo wangu. Leo umepika kama mgonjwa."

Qiuyan akalibeba lile bakuli mpaka chumbani. Mama alikunywa maji yale, akasema asante, akamweka mtoto kifuani. Mtoto akavuta, akavuta, akaachia, akaanza kulia. Sauti yake ilikuwa imeshapungua, kama ya kifaranga.

Njiani kwenda shule, Qiuyan alisimama kwenye dirisha la Mama Peng, muuza tofu, ile jibini ya maharage ya soya.

"Mama Peng, Bibi anamnywesha Mama maji. Supu anampa kaka Zhibo."

Mama Peng aliendelea kukata tofu. "Najua mtoto analia. Kijiji kizima kinajua. Lakini mtoto mwema hatoi aibu ya nyumbani nje. Chukua kipande hiki, bure, ukamtilie mama yako."

"Nikitia tofu kwenye maji, maji yatakuwa supu?"

"Nenda shule, Qiuyan."

Kipande cha tofu! Ndivyo watu wema wanavyonunua usingizi wao. Na wasiseme hawakujua yanakoishia. Mwaka wa mafuriko makubwa, Bibi Tao mwenyewe alikuwa mzazi. Mama mkwe wake aliwagawia wanaume samaki, yeye akapewa maji ya mchele. Mtoto wake wa kwanza, msichana, hakuumaliza mwezi. Majirani walimsikia yule naye akilia. Mama yake Mama Peng alikuwa akiuza tofu kwenye dirisha lile lile.

Ikafika siku ya kuleta mchele, siku ambayo ukoo wa mama huja kumtazama mzazi. Bibi Ke alifika na jamaa zake, akileta mchele, mayai na kuku wawili waliofungwa miguu. Bibi Tao alitandika meza akajaa tabasamu.

"Dada Ke, binti yako anaishi kama malkia. Supu nyeupe kila siku!"

"Mbona mjukuu wangu amenyauka hivi?"

"Aa, ukoo wenu ndio wembamba!"

Wageni wakacheka kidogo. Jikoni, Qiuyan alikuwa ameshika bakuli la maji. Akilipeleka chumbani, kilio cha mdogo wake kitazidi kufifia. Akilipeleka mezani, huenda Mama akasikia, akalia, akapofuka. Alifika kwenye mlango wa chumba. Hakuingia. Alinyoosha njia hadi mezani, akaliweka kando ya bakuli la Zhibo.

"Bibi Ke, hii nyeupe ni ya kaka Zhibo. Haya maji ni ya Mama. Samaki ni wako."

Zhibo aliacha kutafuna.

"Mwongo huyu!" Bibi Tao aliinua vijiti vya kulia kama fimbo. "Mtoto asiye na adabu!"

Bibi Ke alinyanyua bakuli la maji, akaonja, akalishusha taratibu. "Hata karai langu silioshi kwa maji mepesi hivi."

"Mimi nilikunywa maji ya mchele, na sikufa!"

"Wewe hukufa, Bibi Tao," ikasema sauti mlangoni. Alikuwa Mama Peng, ameleta tofu ya karamu. "Je, binti yako?"

Vijiti vilianguka sakafuni, na Bibi Tao akakaa chini.

"Mimi sikujua," Zhibo alinong'ona.

"Ulijua," alisema Qiuyan. "Ulikuwa unakaa pale pale jikoni."

Zhibo alichukua bakuli lake, akalipeleka chumbani mwenyewe. Mama alikuwa amesikia yote. Alilia, ndiyo. Macho yake yanaona mpaka leo.

Bibi Ke alibaki hadi mwezi ukaisha, akisimamia karai kwa mkono wake. Mama alipata supu, mayai, wali na usingizi. Maziwa yakarudi, na kile kilio cha kifaranga kikawa kilio cha mtoto mwenye nguvu.

"Bibi Tao haniangalii tena," Qiuyan alimwambia Bibi Ke siku moja.

"Ataangalia au hataangalia. Sikiliza, mjukuu wangu. Kumheshimu mkubwa si kumsaidia kudhulumu. Mzazi na mgonjwa ndio wa kwanza kuchotewa. Anayeficha dhuluma ya nyumbani ameshika upawa pamoja na anayedhulumu."

Umesikia. Sasa funga kitabu. Inuka, nenda jikoni kwenu, funua sufuria utazame nani anachotewa nini. Ukikuta bakuli la maji, usilipeleke chumbani. Libebe mpaka mezani, leo hii, mbele ya watu wote.