Jogoo wa Baba Hapandi Meli

Hapa Keelung, mji wa bandari wa Taiwan, siku za mvua ni nyingi kuliko za jua. Bibi A-giok hajali. Kila asubuhi hupanda ngazi mpaka juu ya paa, bakuli la pumba mkononi, mwavuli begani, akamlishe jogoo wake. Akishuka hufungua kibanda chake cha keki za mchele. Mwanawe Tien-fu hula mbili akiwa amesimama, kisha huenda kuendesha basi la mji. Mkewe Tien-fu, Pei-chen, hula moja taratibu, kisha huenda saluni kwake.

Jogoo yule alinona kama mto wa kulalia. Tien-fu alimtazama kwa jicho la njaa, na kila mara mama yake alimkata kauli.

"Huyo ni wa baba."

Baba mwenyewe alikuwa marehemu wa siku nyingi. Alivuka bahari kwenda kisiwa cha Ishigaki, upande wa Japani, kulima mananasi. Wakati huo A-giok alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baba alimchukua binti mkubwa, A-bi, akaahidi kurudi kuwachukua waliobaki. Kisha mpaka wa nchi hizi mbili ukafungwa. Hakurudi. Alizikwa huko huko, juu ya kilima, karibu na shamba.

Kwetu, aliyekufa hulishwa na watoto wake. Kuku mzima, kichwa na miguu yake, huwekwa mbele ya kaburi pamoja na matunda na udi. A-giok alikuwa ametimiza miaka sabini na tisa, na hakuwahi kumlisha baba yake hata mara moja.

Siku moja A-bi alipiga simu kutoka Ishigaki.

"Njoo, mdogo wangu, kabla sijasahau kaburi liko wapi. Sasa hivi nasahau hata miwani, na nimeivaa."

"Nitakuja. Lakini si kwa ndege. Kitu kizito vile hakikai hewani."

Basi wakaamua kukata tiketi za meli ya kitalii. Meli hiyo huondoka Keelung, hutia nanga Ishigaki kutwa moja, kisha hurudi. Tien-fu alitaka chumba cha juu kabisa, cha mbele, chenye kibaraza.

"Ukitaka kutapika ukiwa na mandhari nzuri, chukua hicho," alisema jirani yao, Tsai-hung.

Tsai-hung anakaa ghorofa ya tatu. Ni mjane mwenye sauti kubwa, na husafiri kwa meli kama wengine wanavyokwenda sokoni. Watu humcheka kwamba anajua njia ya kwenda kwenye meza ya mchezo wa mahjong ya kila meli inayotia nanga hapa.

"Meli inacheza kama ubao wa pembea," alieleza. "Ncha mbili zinapanda na kushuka. Katikati hapasogei sana. Chukua chumba cha katikati, ghorofa za chini. Hakina dirisha, lakini mtalala. Na kateni bima ya safari inayolipa hata meli ikipita bandari bila kusimama."

"Ipite vipi? Si tumelipia?" aliuliza Pei-chen.

"Bahari ikichafuka, nahodha anageuza. Hiyo ni haki yake, na ndiyo inayokufanya urudi mzima. Mwambieni A-bi huko asiweke moyo wote kwenye siku moja."

A-giok alilisikia neno hilo. Tangu siku ile alianza kutazama mawingu kuliko mteja.

Siku moja kabla ya safari, Tsai-hung alishuka kuomba tangawizi. Sanduku kubwa lilikuwa wazi sebuleni. Alichungulia ndani, akaweka tangawizi chini.

"Dada A-giok, hii sufuria ya umeme inakwenda wapi?"

"Ishigaki. Nipashe kuku wa baba moto. Kuku wa baridi ni wa kumpa mtu usiyempenda."

"Meli hawaruhusu chombo chochote cha moto chumbani. Sufuria, pasi, birika. Watakitoa sandukuni na kukiweka mpaka mrudi. Moto baharini hauna pa kukimbilia." Alichimbua zaidi. "Na pasipoti mmeziweka chini ya suruali za Tien-fu."

"Ni mahali salama," alisema Tien-fu. "Hakuna mwizi atakayefika huko."

"Wala wewe hutafika. Sanduku kubwa unalikabidhi bandarini, na mlangoni unaulizwa pasipoti. Utaanza kulia mbele za watu. Sanduku lenyewe unaweza usilione chumbani mpaka jioni. Pasipoti, dawa za presha za mama, sweta, vyote viwe kwenye mkoba unaoubeba mwenyewe."

Pei-chen alianza kuhamisha vitu. Tsai-hung akaendelea kuchimba, akatoa mfuko wa mapera.

"Haya ya nani?"

"Ya baba. Na kesho alfajiri namchinja jogoo, namchemsha, namfunga vizuri."

Tsai-hung aliketi. Safari hii alipunguza sauti.

"Dada, kuku huyo hatashuka Ishigaki. Nyama haipiti forodha ya Japani, hata ikiwa imepikwa. Matunda nayo hivyo hivyo."

"Nitamfunga ndani ya nguo zangu za ndani. Nani atagusa nguo za bibi kizee?"

"Mbwa wao atagusa. Mbwa wa forodha hana haya wala dini. Ukikamatwa umeficha, ni faini inayouma, na unaweza kushtakiwa. Mtahojiwa mpaka saa zenu za kukaa kisiwani ziishe. Utafika Ishigaki na kaburi usilione."

"Kuku mmoja tu, Tsai-hung. Wa marehemu."

"Si uchoyo wao. Magonjwa ya kuku na ya nguruwe husafiri ndani ya nyama. Mfugaji mmoja akiyapata, banda zima linateketezwa. Hata sisi hapa tunawazuia wao. Ukirudi na soseji ya kule, utalipa hapa."

A-giok aliinuka, akasimama dirishani akiwapa mgongo.

"Miaka yote hii amelishwa na A-bi," alisema. "Mimi hata yai sijampa. Unataka nifike kwa baba yangu mikono mitupu?"

Tien-fu alianza kusema jambo, mkewe akamkanyaga mguu.

"Hiyo mikono ndiyo uende nayo," alisema Tsai-hung mwishoni. "Haina ushuru. Kuku wapo kule Ishigaki, na sufuria zipo. Pika kule."

"Kuku wa dukani?"

"Mpigie dada yako, umuulize baba alikula kuku wa wapi."

A-giok alipiga. A-bi alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe unadhani huku tunakula mawe? Baba alikula kuku wa huku mpaka meno yakamwisha. Nitakuwekea mmoja, maji yawe jikoni yanachemka. Lakini sitamgusa. Ni wako."

A-giok alikata simu. Aliyatoa mapera sandukuni, akampa Tsai-hung.

"Beba. Na hiyo tangawizi yako."

"Tangawizi nawaachia. Huyu dereva wa basi ataihitaji."

"Mimi?" Tien-fu alicheka. "Naendesha kona za mlima kila siku, shangazi."

"Kona za mlima zinakaa pale pale zikikungoja. Meza kidonge cha kichefuchefu kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika."

Hakumeza. Meli ilipovuka ukingo wa bandari, abiria walikuwa wakifanya mazoezi ya dharura, kila mmoja akijifunza mahali pa kukusanyika na namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea. Tien-fu alikuwa amelivaa tayari, uso wa kijani kama jani la chai.

"Kona hii ni ndefu," alisema mama yake.

Pei-chen alimpa kidonge na tangawizi, akampeleka ghorofa ya kati, mahali penye upepo.

"Tazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Usitazame simu."

"Simu yenyewe nimeizima mtandao, kama alivyosema shangazi. Ikishika mtandao wa meli tutalipa mpaka wajukuu."

Kufikia chakula cha jioni aliweza kula uji. Mlangoni mwa ukumbi wa chakula kulikuwa na sinki. A-giok alimsimamisha.

"Nawa kwa sabuni. Watu elfu wanashika kijiko kimoja cha kupakulia. Tsai-hung amesema mmoja akiharisha, meli nzima inaharisha."

Yeye mwenyewe hakula sana. Bahari ilikuwa ikipanda. Mara mbili alimuuliza mhudumu kama meli itasimama Ishigaki, na mara mbili mhudumu alimjibu kwa adabu kwamba wataona asubuhi.

Asubuhi bahari ilikuwa imetulia. Kilima cha kijani kilisimama mbele yao. A-giok alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Foleni ya kushuka ilikuwa ndefu. Juu ya mlango wa kutokea palikuwa na saa kubwa ya ukutani, na chini yake ubao ulioandikwa saa ya mwisho ya kurudi: saa kumi jioni. A-giok alisimama pale. Aliivua saa yake ya mkononi, akaisogeza mishale mpaka ikalingana na ile ya ukutani. Waliokuwa nyuma walianza kuguna.

"Mama, unazuia watu," alisema Tien-fu.

"Wangoje. Mimi nimengoja miaka sabini na tisa."

Forodhani mbwa alinusa mkoba wao, akakuta udi, chai kavu na karatasi za kuwachomea wahenga. Akapita. Nje ya lango alikuwa ameketi A-bi, kofia ya majani kichwani, fimbo magotini. Madada wale hawakukumbatiana. A-bi alimshika mdogo wake mkono, akaugeuza, akautazama kiganja.

"Mikono ya mama," alisema. "Twende, maji yanachemka."

Kuku aliyewangoja jikoni kwa A-bi alikuwa mdogo kuliko jogoo aliyebaki paani. A-giok alimpaka chumvi, akamchemsha na tangawizi, akamgeuza, akamtoboa paja kuona kama ameiva. A-bi aliketi karibu naye akitoa amri asizoulizwa.

"Chumvi kidogo. Baba alikuwa na presha."

"Sasa presha itamfanya nini?"

Juu ya kilima, teksi ikiwangoja kando, walifyeka majani, wakapanga kuku, wali na nanasi la shamba. A-giok alipiga magoti. Alizungumza na baba yake kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Udi ulipoisha walikaa pale pale kula, maana chakula kile baada ya wafu ni cha walio hai. Nyama haikuwa na ruhusa ya kupanda meli wala kuingia Taiwan, kwa hiyo waliimaliza mpaka shingo. Tien-fu alikula kuwashinda wote.

Aliitazama simu yake.

"Bado tuna nafasi. Dereva atupitishe ufukweni, Pei-chen apige picha."

A-giok aliitazama saa yake.

"Hakuna ufukwe. Ni saa nane na nusu. Tunaondoka."

"Mama, ni saa saba na nusu. Saa yako inakimbia."

"Nimeiweka sawa na ya meli mlangoni."

"Na hii ni simu. Simu haikosei."

"Umeizima mtandao tangu jana," alisema Pei-chen polepole. "Nani ameiambia kwamba tuko Japani? Bado inasoma saa ya nyumbani."

Tien-fu alimgeukia dereva wa teksi. Dereva alimwonyesha saa ya kwenye gari: nane na nusu. Meli ilikuwa imesogeza saa mbele usiku, wao wakiwa wamelala.

"Si Tsai-hung alisema?" A-giok aliinuka akijipangusa magoti. "Kila meli ina saa yake. Itazame mlangoni kabla hujashuka. Ukitoka kivyako, bila kundi la meli, haitakungoja. Rudi mapema kwa saa nzima, nanga ikukute umeketi."

Tien-fu alibeba vyombo hadi kwenye teksi.

Walifika bandarini saa tisa. A-bi alikuja nao kwenye teksi, na sasa walikuwa na saa nzima mkononi. Alikuwa amebeba nanasi.

"Peleka nyumbani."

"Halipiti, dada. Wanatukagua kule pia."

"Basi tulile hapa."

Waliketi kwenye benchi nje ya lango. A-bi alilimenya kwa kisu kidogo, kwa mzunguko, macho ya nanasi yakitoka yote pamoja kama uzi.

"Baba ndiye alinifundisha," alisema. "Shika."

A-giok alishika kisu. Alikosea mara ya kwanza, akakosea ya pili. A-bi alimshika kifundo cha mkono, akauongoza. Juisi iliwatiririka mpaka kwenye viwiko. Tien-fu na Pei-chen walikaa mbali kidogo, wakaacha saa ile iwe ya madada wawili.

Meli ilipong'oa nanga, watu wawili walionekana gatini wakikimbia na mifuko ya maduka, wakipunga mikono. Ngazi ilikuwa imeshapandishwa. Tien-fu aliwatazama, kisha akatazama simu yake, iliyoonyesha kwamba bado ni mapema. Akaisogeza saa yake mbele.

Siku hizi wanawake wa mtaa wetu wakikata tiketi ya meli, hupita kwanza kwenye kibanda cha A-giok. Huwaambia habari za pasipoti, vidonge na saa ya mlangoni huku akipakua keki. Kisha huwakatia nanasi alilonunua soko la hapa, akilimenya kwa mzunguko, macho yote yakitoka pamoja.

"Nani alikufundisha kumenya hivyo?" waliuliza juzi.

"Baba yangu," alisema A-giok.