Trei ya Wasio na Wenyewe

Ilianza na harufu ya vumbi la mawe lililonyeshewa, ndani ya maabara ya Ruiru ambayo madirisha yake hayafunguki.

Aketch aligeuka. Nyuma yake mashine mpya ilikuwa ikiandaa sampuli za DNA, kazi aliyokuwa akiifanya yeye kwa mkono. Mkono wa chuma ulishuka, ukafyonza dawa, ukaidondosha kwenye trei, kishimo baada ya kishimo. Katika kila kishimo mlikuwa na unga wa mfupa wa mtu aliyeokotwa bila kitambulisho. Mifupa yenyewe ilikwisha kufukiwa katika kaburi la pamoja. Unga huo ndio uliobaki wa kuwatafutia jamaa zao. Alipokuwa akidondosha kwa mkono, Aketch alimwambia kila mmoja pole. Mashine haikusema pole.

Mkono wa chuma ukasimama juu ya kishimo kimoja, na mtoto mchanga akalia.

"Ni hewa imeingia kwa mpira," alisema Gichuru, msimamizi wake, akiwa mlangoni. "Zima, uwashe tena."

Aketch alizima, akawasha. Mkono ulirudi palepale, na kilio kikarudi.

"Mwaga hiyo trei, uweke ingine. Wageni wanakuja kuona mashine, si wodi ya wazazi."

"Nikimwaga hawa, nitawatoa wapi tena?"

"Nani atauliza? Hao hawana wenyewe."

Aketch alisimama kati yake na trei. Kaka yake Jeconia alikuwa akichonga mawe kwenye machimbo ya Theta hadi siku ambayo hakurudi, na mnyapara akawaambia ametoroka na mwanamke. Mama yao, kule mtaa wa Landless, aliamini. Kila jioni bado alimfunikia sahani ya chakula.

Alimpigia mama simu, akaisogeza karibu na trei.

"Mtoto wa nani huyo?" mama aliuliza.

"Si mtoto, Mama. Ni mashine."

"Mashine hailii hivyo, nyara, binti yangu. Huyo anataka jina."

Kwao mtoto akilia bila kunyamaza huitiwa majina ya waliotangulia, na jina atakalolinyamazia ndilo lake. Mama alianza kuita, polepole, kama anayepanga vyombo: Odera, babake Aketch; Awino, nyanya yake; Ochola, aliyechukuliwa na mto. Kilio hakikupungua, bali kilipanda kwa kila jina, na harufu ya vumbi ikazidi hadi Aketch akaisikia ikikwaruza kooni, na maji ndani ya kile kishimo yakaanza kutetemeka huku ya vishimo jirani yakiwa yametulia tuli, na kilio kikakonda, kikazeeka, kikawa kilio cha mwanamume mzima aliyebanwa kifua na kitu kizito.

"Mama, umeruka mmoja."

"Sijaruka mtu."

"Umeruka."

"Huyo yuko hai," mama alinong'ona. "Ukimwita pamoja na wafu umemzika. Nyamaza, Aketch."

Lakini hasira ilikuwa imeshapita koo. Hasira juu ya mnyapara yule na mwanamke wake wa kubuni, juu ya ile sahani, juu ya mtu aliyesimama mlangoni akisema hawana wenyewe. Aliinama hadi pumzi yake ikagusa trei.

"Jeconia. Kama ni wewe, nimekusikia."

Kilio kikakatika.

Simuni ikasikika sahani ikiondolewa mezani na kupangwa juu ya nyingine.

"Usikubali wammwage," mama alisema.

Gichuru alikwisha kuingia na kung'oa waya wa umeme ukutani. "Si imenyamaza? Basi mwaga tumalize."

Kishimo cha pili kikalia. Kisha cha tatu, kwa sauti ya mwanamke. Kisha safu nzima, na safu iliyofuata, kila kimoja na sauti yake, na harufu zikaja zikigombana, matope, petroli, sabuni ya kipande, na Gichuru akatazama waya uliokuwa bado unaning'inia mkononi mwake.

"Aketch, fanya kitu."

"Mimi nimemwita wangu," alisema, akimsogezea kiti mbele ya trei. "Wewe uliyesema hawana wenyewe, keti uite."

Gichuru aliuachia waya, akaketi. Kisha, kwa sauti ndogo, akaanza na jina la kaka yake mwenyewe, ambaye kwao husemwa yuko Dubai.