Mzee Kete Ndiye Aliyenivunjia Ndoa

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Kwetu ni Kiyeyi, Tororo, na jina langu ni Athieno. Ndugu wasomaji, mtakaonicheka mnicheke, nimeshazoea... Ila someni mpaka mwisho, maana najua wengi wenu mna simu mkononi sasa hivi na mnafanya hayohayo niliyoyafanya mimi!

Mchezo wa mweso nilifundishwa na baba. Alinikalisha mbele ya ubao nikiwa mdogo, akanionyesha kusambaza kete shimo kwa shimo na kula za mwenzangu. Nikawa moto wa kuotea mbali! Lakini nilipovunja ungo, mama alinipiga marufuku. Kwetu mwanamke akikaa na wanaume kwenye ubao wa mweso, watu wanamwangalia vibaya. Wanasema huyo hatakaa kwenye nyumba ya mtu.

"Wewe nataka kuolewa, ama nataka kuwa mzee wa kijiji?" mama alinifokea kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja.

Nikaacha. Lakini roho ya mchezo ilibaki humu ndani, na nilipopata simu ya maana nikagundua mweso upo kwenye intaneti. Tena bure! Hakuna cha kupakua, unafungua tu ukurasa na kucheza na mtu yeyote, popote alipo. Chini ya mchezo kuna mahali pa maoni. Huyu analalamika mchezo unakwama, yule anauliza mbinu, mwingine anajisifu tu.

Niliogopa kuandika jina la kike. Wangenitongoza au wangenitukana, na je, mtu wa kwetu akinitambua? Nikajiita Mzee Kete, nikajifanya babu wa miaka mingi aliyechoka na upumbavu wa vijana.

Wee! Mzee Kete alipendwa! Mtu akiuliza mbinu, namjibu kwa ukali: "Usilinde kete kama kuku aliyelalia mayai. Zitawanye mapema. Ile unayoionea huruma ndiyo itakayokuangusha." Vicheko vinamiminika, alama za kupenda zinamiminika. Nilivyozidi kuwa na mdomo mchafu, ndivyo walivyozidi kunitafuta. Mwishowe wakaanza kuniuliza mpaka mambo ya nyumbani, ya wake, ya wakwe... Na mimi, ambaye sikuwa na mume wala mkwe, najibu tu!

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa na Wandera, kijana wa Buteba anayenunua mahindi vijijini na kuyauza mpakani. Mpole, wa kanisani, anamsalimia mama yangu kwa kupiga magoti. Nilimpenda, jamani... Nilimpenda mpaka nikaona aibu. Mchezo nilimficha, nikijua maneno ya watu kuhusu wanawake wa mweso. Akija kibandani kwangu, nageuza simu kifudifudi na kushika kitambaa.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Nabwire, msusi wa kibanda cha jirani. Kikombe chetu cha chai kilikuwa kimoja. Yeye ndiye aliyechaguliwa kunisindikiza siku ya utambulisho, siku ambayo watu wa Wandera wangekuja kwetu Kiyeyi kunitolea posa rasmi mbele ya ukoo.

Siku moja nilikuwa nashona gomesi, vazi letu la heshima, ya kuvaa siku hiyo ya posa. Nikafungua maoni kupumzisha macho. Mchezaji anayejiita Kijana Mpole, aliyesema anaishi Mombasa, alikuwa ameniandikia. Alisema ana mchumba, hana kosa lolote, anaheshimu wazee, anajituma. Ila moyo umehamia kwa mwanamke mwingine, na siku ya posa inakaribia. Afanye nini bila kuonekana mbaya?

Nilipaswa kumwambia nini? Amweleze mwenzake ukweli mapema, si ndiyo? Hata mtoto angejua! Lakini ukweli haukuwa unachekesha, na watu walikuwa wanamsubiri Mzee Kete wao.

Nikaandika: "Kijana, mwanamke asiye na kosa haachwi kwa mazungumzo. Atalia, utamwonea huruma, utamuoa, utazeeka ukimchukia. Usimpigie hata simu. Ngoja siku yenyewe, watu wamejaa, sufuria ziko motoni. Tuma mtu mzima mmoja aseme: 'Mtoto wenu hana kosa, ila sisi hatuendelei.' Basi. Mbele ya watu hatakushika shati, ataona aibu. Kwani na yeye atakufa? Atapata fundi baiskeli wa kumuoa."

Watu walicheka mpaka basi! Mmoja akaandika kwamba Mzee Kete apewe uwaziri. Nilicheka na mimi, nikakata uzi kwa meno, nikaendelea na gomesi yangu.

Jioni hiyohiyo nilimpima Nabwire gomesi yake. Kiuno kilikuwa kimeongezeka. Nikamtania, "We Nabwire, chapati za mchana zitakumaliza!" Akacheka kidogo, akaangalia nje. Nikapanua mshono bila kuwaza chochote... Mikono yangu mwenyewe, banange!

Siku ikafika. Kiyeyi nzima ilikuwa kwetu. Maturubai yamesimama, mama na dada zake wanapika kalo, ugali wa wimbi, shangazi wamefunga vitambaa kichwani, wazee wako kwenye chungu cha malwa, pombe ya wimbi, na mirija yao. Mimi niko ndani, nimevaa, nimepakwa rangi. Nabwire hakutokea. Nikampigia, simu imezimwa. Nikadhani ni chaji.

Jua likapanda, likaanza kushuka. Wageni hawaonekani. Mama akaingia kuniuliza kama Wandera amepiga. Nikasema labda gari limekwama.

Hatimaye tukasikia bodaboda. Bodaboda moja tu! Akashuka baba mdogo wake Wandera, peke yake, koti mkononi. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Nilikuwa nachungulia dirishani nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia baba:

"Mzee, mtoto wenu hana kosa, ila sisi hatuendelei."

Neno kwa neno! Sikulia. Wengine walidhani nimezimia kwa aibu, kumbe nilikuwa nimekaa chini nikiwaza jambo moja tu: hayo maneno ni yangu. Nimeyaandika mimi, na uzi ukiwa mdomoni!

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza, "Nasema nini huyu?" Shangazi mmoja akamnong'oneza. Mama akakaa chini palepale, kwenye vumbi, na nguo yake mpya.

Na mnajua watu walifanya nini? Walikula! Ati chakula kitaharibika. Walikula kuku wa posa yangu mpaka wakalamba vidole, huku wakijadili nina kasoro gani. Mmoja alisema nina ulimi mrefu. Mwingine akasema bila shaka siwezi kuzaa. Jioni wakaaga kwa kumpa mama pole, mdomo bado una mafuta.

Habari za Nabwire zilikuja kabla ya Jumapili. Mimba ni ya Wandera, na kiuno kile nilichokitania ndicho kilichokuwa kinamhifadhi mtoto wao. Jumapili yenyewe alienda kanisani Buteba na Wandera, amevaa gomesi niliyomshonea. Bila shaka ilimkaa vizuri, maana nilipanua mshono.

Nilirudi Busia, nikafunga kibanda, nikafungua ule ukurasa. Kijana Mpole alikuwa ameshaandika: "Mzee Kete, asante sana. Imefanya kazi kama ulivyosema. Hata hakupiga kelele." Na chini yake watu wanapongeza, wanarusha mioyo.

Nikaandika: "Wandera, mimi ni Athieno. Mzee Kete ni mimi. Mama yangu amelala kitandani hataki kula. Ulishindwaje kuniambia?"

Wachezaji wakafurahi kuliko siku zote! Walidhani Mzee ameanza vichekesho vipya. "Mzee amekuwa bibi harusi!" "Babu, usituue mbavu!" Nikaandika tena kwamba ni kweli, nikaapa, nikamtaja mama. Wakazidi kucheka. Sikuwa na sauti nyingine pale zaidi ya ile niliyowazoesha.

Yeye peke yake ndiye aliyejua si utani. Kesho yake akajibu:

"Athieno, kama kweli ni wewe, basi usinilaumu. Nilikueleza kila kitu ukanishauri mwenyewe. Nilikuwa nataka kukwambia uso kwa uso. Wewe ndiye uliyesema nisithubutu."

Nilisoma nikasoma tena. Ni mwoga, ni mwongo, alilala na rafiki yangu, hilo halifutiki. Lakini mlango alikuwa ameushika, akauliza kama aufungue, na mimi ndiye niliyemwambia aupige teke.

Nabwire amejifungua salama. Kibanda chake ni kilekile, jirani na changu. Wateja wangu wanasuka kwake kisha wanakuja kupima kwangu, wananiangalia wakitabasamu. Mkiniuliza kwa nini sihami, niende wapi na cherehani hii?

Ndugu zangu mnaocheza na kuandika maoni, chezeni, ushindi mpate, mbinu za kete mpeane. Lakini mtu akikuletea maisha ya mwenzake kwenye ukurasa wa mchezo, nakuomba kwa jina la Mungu, usimchekeshe! Huyo mchumba asiyetajwa jina anaishi mahali fulani, na pengine muda huohuo ameinama kwenye cherehani anashona nguo ya kumpokea huyohuyo anayekuuliza. Mwonee huruma kabla hujaandika. Mimi sikumwonea.