Wasifu wa Baba Clifford

Kila asubuhi Tumpe alijaza chai kwenye chupa mbili, moja yake na moja ya mumewe, Fidelis. Kisha Fidelis alimpeleka kwa gari kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, hapa Liverpool, kitongoji cha Sydney, Australia. Siku hizi anajaza chupa moja na kupanda basi. Fidelis alifariki ghafla akiwa kazini.

Watu wa Sydney waliwaita Baba Clifford na Mama Clifford, kwa jina la mtoto wao wanayemwona hapa. Hawakujua kwamba Clifford ana dada. Alinda, mtoto wa kwanza, alifariki Bukoba kabla hajajua kutembea.

Msiba una kazi nyingi, na mojawapo ni kuandika wasifu wa marehemu. Ungesomwa kwenye ibada hapa, halafu kwenye mazishi Bukoba. Ndugu walikutana kwenye kundi la WhatsApp. Tumpe akaandika kwanza, lakini mkono ulikataa kuandika jina la Alinda. Kesho yake alijikaza, akaliandika, akatuma upya.

Alikuwa amechelewa. Baba mkubwa alishachukua nakala ya kwanza na kuongeza ukoo. Shangazi naye aliongeza shule. Nakala moja iliitwa "fainali", nyingine "fainali kabisa". Benjamin, mdogo wa Fidelis, aliokota mojawapo, akaipa programu ya akili mnemba iinogeshe, akaichapa bila kuisoma. Haraka za msiba nazijua, lakini hapa nakasirika.

Kanisani Benjamin alisoma kwa sauti nzuri: "Marehemu ameacha mjane na mtoto wake wa pekee, Clifford."

Clifford alimgeukia mama yake, akauliza kwa Kiingereza, "Na Alinda?"

Tumpe alilia kwa uchungu, na kwa hasira pia.

Baada ya ibada alimkabili Benjamin. "Shemeji, nani kasema mtoto wa pekee?"

"Labda ile programu, shemeji."

"Na wewe hukusoma?"

"Nakala zilikuwa nyingi. Sikujua ipi ni ipi. Nisamehe."

"Kaka yako anazikwa kando ya Alinda. Mkisoma hivi mbele ya kaburi la mwanangu, mimi naondoka pale pale!"

Jirani yao Nkatha alikuwa akipakua chakula, akawasikia. Ni Mkenya, anaandaa ripoti katika ofisi moja Parramatta, humu humu Sydney.

"Pole sana, Mama Clifford," alisema. "Benja, leta laptop niwaonyeshe venye sisi hufanya kazini."

Akafungua ukurasa mtupu. "Hii ni faili moja, iko mtandaoni. Msitumiane nakala tena. Mnatumiana linki, kila mtu anaingia hapa hapa, hata kwa simu. Kwanza andikeni vichwa: kuzaliwa, masomo, kazi, familia. Kila kichwa kina mwenyewe. Familia ni yako, mama."

"Shangazi akitaka kubadilisha?" aliuliza Tumpe.

"Anaandika maoni pembeni, hagusi maneno yako. Mtu akifuta kitu, bonyeza hapa kwenye historia. Utaona nani amefuta, na utarudisha."

"Na ile ya kunogesha?" Benjamin aliuliza kwa aibu.

"Itumie, si dhambi. Lakini haimjui marehemu. Inaweza kuongeza jambo ambalo hukuiambia. Soma kila sentensi, halafu mwenye msiba asome tena. Akikubali, ndiyo uchape."

Tumpe alivuta kiti. Chini ya kichwa cha familia aliandika: "Watoto wawili: Alinda, aliyetangulia, na Clifford."

Benjamin akatuma linki kwenye kundi, na punde maoni ya shangazi yalitokea pembeni: "Jina la mtoto halitawaumiza watu?"

Tumpe akajibu hapo hapo: "Libaki." Likabaki.

Bukoba wasifu ulisomwa sawasawa, na jina la Alinda likasikika kando ya kaburi lake. Tangu hapo ukoo ule ukiwa na jambo la kuandika pamoja, huandika katika faili moja. Kelele za nakala kwenye kundi zimekwisha.

Lakini ibada ya Sydney haikurudiwa. Tumpe aliporudi, mama mmoja wa kanisani alimshika mkono.

"Pole, Mama Clifford. Tumshukuru Mungu, mtoto mwenyewe ni mmoja tu. Malezi hayatakulemea."

Tumpe aliutoa mkono wake.

"Nina wawili," alisema. "Niite Mama Alinda."