Novemba ya Mashine

Sweta lilikuwa moja, na kila mkono wake ulikuwa na mwenyewe. Naima alishika wa kulia. Kijana asiyemjua, aliyevaa shati jepesi la mikono mifupi kwenye baridi ya Sumbawanga ya mwezi Julai, alishika wa kushoto. Rundo lote lile la mitumba sokoni, na wote wawili wameliona hilo hilo la rangi ya udongo!

“Kaka, achia. Nimeliona kwanza.”

“Dada yangu, wewe umejitanda shali na sweta jingine unalo. Mimi meno yananigongana.”

“Nani kakutuma Ufipa na shati la Dar?”

“Kompyuta.”

Naima alicheka mpaka akaachia. Ndivyo alivyokosa sweta akampata Yunusu.

Yunusu alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa. Huko ughaibuni zimetengenezwa programu za kompyuta zinazoigiza hali ya hewa ya dunia nzima, bahari na anga zikiwa zimeunganishwa. Kazi yake ni kuzipima: analinganisha mvua inayosemwa na mashine na ile iliyonyesha kweli Rukwa, aone kama mashine inakaribia au inaropoka. Alimweleza Naima yote hayo, lakini Naima alisikiliza nusu tu. Nusu nyingine alikuwa anayatazama macho yake, wasichana si mnawajua!

Yunusu aliporudi Dar, mapenzi yakahamia kwenye simu ya dukani kwa baba yake Naima.

“Haloo, mwizi wa sweta,” Naima alisema jioni moja mwezi Oktoba. “Mashine yako haijambo?”

“Mpenzi, leo nimecheka peke yangu ofisini! Novemba imeitoa kavu, Rukwa nzima. Hata tone!”

“Hata bondeni? Barabara ya Mtowisa inapitika?”

“Kwa mashine hii? Ungeteremka na viatu vya harusi na usingepata tope.”

“Harusi ya nani?”

“Ya mwizi wa sweta.”

Naima aliweka simu moyo ukiimba. Faruk, kaka yake anayeendesha lori la familia, alikuwa anasita kushuka Mtowisa kufuata mpunga, maana mvua zilikuwa zinanukia.

“Nenda tu, kaka,” Naima akamwambia. “Yunusu kasema Novemba ni kavu. Yule kasomea mambo haya, habahatishi.”

Novemba ilipoanza Faruk akaenda. Mvua ikashuka, na mvua gani! Mtu mmoja akapanda mlima kwa miguu kutoka bondeni, akaingia dukani amelowa chapachapa. Lori limelala mtoni, alisema, matairi juu. Dereva hajaonekana.

Mama akakaa sakafuni pale pale. Baba akatoka mbio kukusanya wanaume. Naima akanyakua simu.

“Umemuua kaka yangu!”

“Naima? Nini?”

“Ulisema Novemba kavu! Ulisema viatu vya harusi!”

 Sauti ya Yunusu ikaja, ndogo kabisa.

“Naima, ile ilikuwa Novemba ya mwaka juzi.”

“Unasemaje?”

“Mashine tunaipima kwa miaka iliyokwisha pita. Tunaiacha iseme ilikuwaje, halafu tunaangalia kumbukumbu zetu. Imesema kavu, na mwaka juzi Rukwa ilifurika! Nilikuwa naicheka mashine.”

Naima alijishika kichwa. Mwaka juzi! Nani duniani anatabiri yaliyopita? Basi aliyemtuma Faruk mtoni ni yeye, kwa kinywa chake mwenyewe.

“Nilikuuliza habari ya barabara,” akanong’ona. “Ukanitania.”

“Nilikutania. Ya Rabi, nilikutania.”

Akakata. Simu ilipolia tena hakuipokea, wala siku zilizofuata.

Baba akarudi na wenzake, mikono mitupu. Mto ulikuwa haujavukika. Nyumba ikawa ya watu wasioulizana chakula.

Halafu alasiri moja mlango wa duka ukasukumwa. Naima aliliona sweta kwanza, lile lile la rangi ya udongo.

“Toka! Una uso gani wa kuja hapa?”

Aliyevaa sweta akainua kichwa. Alikuwa Faruk.

Naima alipiga ukelele uliomtoa mama chumbani. Akamshika kaka yake usoni, mabegani, akamshika tena usoni.

“Nilitupwa ng’ambo ya mto,” Faruk alisema, amekonda, macho ya homa. “Mzee Mboje, yule Msukuma mwenye ng’ombe, akanitunza kwake. Huyu mwehu wako katoka Dar kunitafuta, kavuka maji yakiwa kiunoni, kanikuta natetemeka, kanivua shati bichi kanivika hili.”

“Kaka, mimi ndiye niliyekuambia uende…”

“Yeye anasema ni yeye. Mtajuana wenyewe. Mimi nataka uji.”

Nje kwenye manyunyu alisimama Yunusu na shati lake la mikono mifupi, meno yakigongana kama siku ile sokoni. Hakuthubutu kuingia. Naima akavuta blanketi jipya rafuni, akatoka, akamfunika akilia.

“Naima,” Yunusu alisema, “najua sistahili hata kuuliza. Utakubali nikuoe? Mwezi Juni, kiangazi?”

Naima akamfutia maji usoni kwa pindo la shali.

“Nimekubali,” alisema. “Lakini safari hii, taja na mwaka.”