Koti la Saizi ya Meta

Mkanyage mtu mguu kwenye stesheni ya Bremen asubuhi ya Jumatatu, utatukanwa wewe na ukoo wako. Meta Lüers alikanyaga buti la mwanajeshi, tena kwa kisigino, akabaki amekumbatia mkoba wake akisubiri matusi. Kumbe kijana wa watu alikuwa anamtazama mikono.

"Arobaini," akasema.

"Arobaini nini?"

"Saizi yako ya koti. Mabega mapana kidogo, kiuno chembamba, mikono mirefu. Hilo ulilovaa ni thelathini na nane, na wala si lako."

Uso ukamwaka Meta. Koti lilikuwa la shangazi yake, la kijivu, limepauka mabegani, na mikono yake imemwishia karibu na viwiko. "Nani kakwambia si langu?"

"Jicho langu. Kabla hawajanivika gunia hili la serikali nilikuwa nauza makoti ya akina mama. Mwanamke akiingia tu mlangoni, nimeshampima. Jicho langu halikosei, dada."

"Na ulimi je?"

"Ah, ulimi unakosea kila siku. Ndiyo maana nakuuliza jina mapema, kabla sijaharibu."

Meta akacheka, na mwanamke akishacheka stesheni, treni yake imeshamwacha. Kijana aliitwa Harm Tietjen. Masikio yamechomoza chini ya kofia, buti zinang'aa, maneno hayamwishi. Ulikuwa mwaka wa arobaini na moja, majira ya kuchipua Ujerumani, na kwa Meta vita ilikuwa bado jambo la redioni na ving'ora vya usiku.

Meta alifanya kazi kwenye chumba cha simu za mbali, anachomeka na kuchomoa nyaya kutwa. Harm akawa anapiga kutoka kambini. Wasichana wenzake wakishaisikia sauti yake wanamsukumia Meta huku wanabana vicheko.

"Nipe msichana mwenye mikono mirefu," anasema Harm.

"Namba hiyo ina shughuli, bwana."

"Basi nitashika laini mpaka aolewe."

"Na nani?"

"Na mimi, mjinga wewe!"

Mwezi wa sita wakampeleka vitani mashariki. Simu zikakoma, zikabaki barua.

Harm aliwaandikia wawili, Meta na mama yake. Mama Tietjen alikuwa mjane mnene mwenye sauti ya kanisani. Kila Jumapili alivaa miwani yake jikoni, akakusanya majirani, akasoma. Tope. Chawa. Watu wa huku wachafu, nyumba zao zinanuka. Haya, nyumba zinanuka, lakini kila kilichokuwa ndani yake kilifika Bremen kikiwa kimefungwa vizuri kwa kamba! Nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Bata bukini mzima. Asali kwenye mtungi wa mtu. "Mama, nyuki wa huku hawana mwenyewe," aliandika Harm, na jiko zima likaangua kicheko. Meta naye alicheka, akaramba kijiko. Alikiramba mpaka kikang'aa, sina haja ya kumsitiri.

"Mkono mtupu haulambwi," akasema Mama Tietjen huku akijipakulia. "Mwanangu anajua kupenda."

Baridi ilipoanza, Meta akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Mpenzi, tumboni nimeshiba, ila mikono inaganda. Koti la shangazi linaniaibisha. Wewe fundi wa macho, huko kote hujaona arobaini?"

Alikuwa anatania. Nusu anatania.

Koti likaja Januari. Sufu ya kahawia, zito, ukosi wa manyoya laini. Meta akaliingiza mikono hapohapo jikoni. Likamkaa mabegani, likambana kiunoni, mikono ikashuka mpaka kwenye viganja na kusimama pale panapotakiwa. Mama Tietjen akapiga makofi.

"Utasema umeshonewa!"

Kifuani, upande wa kushoto, palikuwa na sehemu ambayo rangi haikupauka, na pembeni yake vitundu vya sindano vimezunguka umbo lenye pembe sita. Bremen nzima ililijua umbo lile. Tangu Septemba lilikuwa kwenye makoti ya Wayahudi mitaani, kwa amri ya serikali, na mwezi wa kumi na moja watu hao walipakiwa kwenye treni, majirani wakachungulia nyuma ya mapazia. Meta alipaona. Akachukua bruchi yake ya fedha, kipambo cha kifuani, akaibandika papo hapo juu yake, akaenda kazini.

Kilichomkosesha usingizi, na hapa ndipo ninapotaka kutema mate, hakikuwa vitundu vile. Ilikuwa manukato. Ukosi ulinukia maua, na ndani ya manyoya mlinasa unywele mrefu mweusi.

"Shoga, kikulacho ki nguoni mwako," akasema Gesine, jirani yake kwenye ubao wa simu. "Huyo mwanamke kalala na koti au kalala na Harm?"

Meta akaandika kwa hasira: "Huyo mwenye nywele nyeusi ni nani? Usinidanganye. Kama umempata wa huko, baki naye." Harm akajibu kwa mistari miwili, kwamba ana mambo mengi na asimchezee. Meta akanyamaza. Wiki zikapita bila barua, naye akawa analia na koti amelivaa, maana nyumba ilikuwa baridi.

Machi simu ikalia kwenye ubao wake.

"Nipe msichana mwenye mikono mirefu."

"Uko wapi?"

"Stesheni. Nimepewa likizo. Bado umeninunia?"

"Sana."

"Njoo uninunie kwa mama, kuna supu."

Akaenda mbio, koti limefungwa vifungo vyote. Harm alikuwa amekonda, uso mwekundu kwa baridi, lakini tabasamu lilikuwa lilelile la siku ya kwanza. Akamshika mabega, akamzungusha katikati ya jiko.

"Lione lilivyokaa! Nilisema mimi!"

"Kwanza niambie ni la nani."

"Kumbe ni wivu kweli?" Harm akacheka mpaka akashika meza. "Mama, umesikia? Mwenzangu anadhani nina kimada!"

"Nywele zilikuwa za nani, Harm?"

"Keti, mpenzi. Nakuapia, sijamgusa mwanamke hata mmoja. Yule nilimwona mara moja tu, barabarani." Akachovya mkate kwenye supu. "Walikuwa wamepangwa mstari. Wakifika mbele, kwenye shimo, wanavua, nguo zinatupwa lundo moja, na ukingoja lundo hupati kitu, wenzangu wanagombania kama fisi. Nikasema, Harm, tumia jicho lako. Nikapita mstari mzima, nikarudi tena. Mmoja mfupi, mwingine mnene, mwingine mikono haifiki. Nikakaribia kukata tamaa. Halafu nikamwona, kule mwishoni."

"Ukamwona nani?"

"Wewe!" Macho yalimng'aa kwa mapenzi, wallahi, kwa mapenzi. "Mabega yako, kiuno chako. Hata alivyosimama, amekunja mikono hivi, ungeapa ni Meta wangu anasubiri treni. Nikamwambia alivue taratibu lisiguse tope."

Mvuke wa supu ulikuwa unampanda Meta usoni. "Akasema nini?"

"Hakuleta taabu. Aliniuliza tu, Kijerumani safi kabisa, kama atarudishiwa."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia ndiyo. Ungemjibu nini wewe, kwenye baridi ile?" Akafuta midomo. "Haya, kimada yuko wapi sasa? Umeridhika?"

Mama Tietjen akashusha pumzi. "Mungu ashukuriwe, mmepatana. Kuleni, inapoa."

Meta alitamani mwanamke yule angekuwa kimada tu. Angekubali vimada kumi. Ukosi ulimgusa shingo, wenye joto, joto la shingo yake mwenyewe. Akaanza kufungua vifungo.

"Ngoja, bado!" Harm alikuwa ameshapiga goti, kiganjani kuna pete nyembamba ya dhahabu. Akamvuta mkono, akamvika. Ikapita kwenye kifundo cha kidole bila kukwama. "Unaona? Jicho langu halikosei. Niambie ndiyo, Meta."

"Na kidole hiki ulikipima wapi?"

Harm akatabasamu. Kisha tabasamu likachoka, akamtazama mama yake, na Mama Tietjen akainamia sahani yake akapuliza supu iliyokwisha kupoa.

Meta akawahi beseni la vyombo, akatapika nyama yao yote. Akaivua pete, akavua koti, akaviacha sakafuni. Akatoka na blauzi. Kwenye tramu kondakta akamwuliza, "Dada, koti lako liko wapi?" naye akashindwa kusema "langu".

Likizo ilipoisha, Harm akapiga simu kutoka mpakani.

"Umenifedhehesha mbele ya mama. Nilikosa nini? Nilifikiria wewe tu siku nzima ile."

"Najua."

"Uliniomba mwenyewe. Barua ninayo hapa mfukoni."

"Najua, Harm. Niliomba."

"Basi?"

"Basi hapo ndipo panaponitapisha."

Akachomoa waya. Gesine akamtazama, akarudi kwenye ubao wake.

Jumapili iliyofuata Mama Tietjen alikwenda kanisani na koti la kahawia. Alikuwa ameliachia mishono ya mbavuni limtoshe, na bruchi ya fedha aliiacha palepale ilipokuwa. Majirani walimsifu. Meta alikuwa ng'ambo ya barabara na koti la shangazi, viganja vimekuwa vyekundu kwa upepo. Mama Tietjen akampungia mkono. Na Meta, kwa mazoea, akaupunga wa kwake, kisha akautazama mkono wake mrefu ulivyo juu hewani, akauchukia.